Oili ya mguu wa mashine ya boti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu skrubu, gasketi na sili

Ukurasa huu ni wa wenye mashine za kupachika nyuma ya chombo: wavuvi wa dagaa na wa mshipi, manahodha wa boti za wageni wa Nungwi na Kizimkazi, wanaovusha watu baina ya Mkokotoni na Tumbatu, na ndugu zetu wa madiko ya Pemba, kuanzia Tumbe hadi Mkoani. Maswali ni yale yanayoulizwa kila mashine inapolazwa mchangani na mguu, yaani sehemu ya chini yenye gia na propela, kufunguliwa. Gia za mashine hizi ni ngumu na zinadumu miaka mingi zikipata oili safi. Kinachoziua ni maji ya chumvi, na mara nyingi yanapita kwenye kitundu kidogo ambacho mtu alikiona akakidharau.

Skrubu za oili ziko wapi, na kila moja ina kazi gani?

Ziko mbili ubavuni mwa mguu. Ya chini, karibu na ncha ya mbele ya gia boksi, ni ya kutolea oili na pia ya kuingizia. Ya juu, usawa wa bamba lililo juu ya propela, ni ya kutolea hewa na kupimia kimo. Kwenye Yamaha nyingi tunazotumia huku, za nguvu ya farasi 15 na 40, zote mbili zina mfereji mmoja mpana wa bisibisi bapa.

Kama una Johnson au Evinrude ya zamani, kuwa na tahadhari. Karibu na skrubu ya chini kuna nyingine yenye kichwa cha msalaba. Hiyo si ya oili, inashikilia chombo cha kubadilishia gia ndani. Ukiitoa, kile kitu kinaanguka ndani na gia boksi lote litabidi lifunguliwe ili kirudishwe mahali pake.

Je, skrubu hizi ni kitu kimoja na nguruzi ya chombo, kile kizibo cha tundu la kutolea maji?

Hapana. Nguruzi ukisahau kuifunga, maji utayaona miguuni mwako kabla hujafika mbali. Skrubu ya oili ikilegea huoni kitu. Mashine inawaka, inakimbia, inarudi pwani, na maji yanaendelea kuingia siku baada ya siku.

Kwa nini gasketi ibadilishwe kila ninapofungua? Ile ya zamani inaonekana nzima.

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo ninalotaka lieleweke vizuri zaidi.

Thredi za skrubu hii hazizuii maji. Ni thredi zilizonyooka, zina nafasi ndogo baina ya skrubu na bodi, na kazi yake ni kuvuta kichwa cha skrubu kikae kwa nguvu. Anayezuia maji ni gasketi iliyo chini ya kichwa. Ukikaza, gasketi inabonyea na kujaza mikwaruzo yote midogo ya bodi na ya kichwa cha skrubu. Ikishabonyea mara moja imechukua umbo la pale ilipokaa. Ukiirudisha, haiwezi kukaa vilevile ilivyokaa mwanzo. Mtu anaona inavuja kidogo, anakaza zaidi, haisaidii, anakaza tena mpaka thredi za alumini zinakufa. Kitu cha bei ndogo kabisa dukani kimeshamletea kazi ya kuchonga thredi mpya.

Kabla ya kuweka gasketi mpya hakikisha ya zamani imetoka. Mara nyingi haitoki na skrubu, inabaki imeganda kwenye bodi, na kwa kuwa imejaa oili na rangi imefanana na ya bodi, fundi haioni. Akiweka mpya juu yake zinakuwa mbili, na gasketi mbili zilizopandana huvuja karibu kila mara. Pitisha kidole kuzunguka tundu. Ukihisi ukingo ulioinuka, ing'oe kwa kijiti au kipande cha plastiki kigumu. Usitumie msumari wala ncha ya kisu, kwa sababu mkwaruzo wowote kwenye alumini ni njia ya maji.

Nunua gasketi nyingi kwa pamoja, uzitie kwenye kichupa cha plastiki. Ukitegemea kuzitafuta siku ya kazi utakuta duka limefunga, na utairudisha ile ya zamani.

Naweza kukata gasketi kutoka kwenye mpira wa tyubu, au kuzungushia tepu nyeupe ya mabomba?

Usifanye. Mpira wa tyubu hauhimili oili ya gia. Unavimba, unalainika, kisha unachomoka pembeni. Tepu nyeupe ni ya mabomba yenye thredi za kubana, na hapa thredi si mahali pa kuzibia kama nilivyoeleza juu. Isitoshe, vipande vyake hukatika na kuingia ndani ya gia. Gundi za silikoni nazo zina kasoro hiyohiyo: zinaficha tatizo kwa siku chache, na kinachozidi huingia ndani.

Kama hakuna gasketi kabisa diko zima na lazima chombo kitoke, safisha ile ya zamani vizuri, igeuze upande, kaza kwa kiasi, na ukirudi ipime oili kesho yake asubuhi. Sisemi ni njia nzuri. Ni afadhali kuliko mpira.

Nikitoa oili, niangalie nini?

Angalia kabla hujaimwaga. Oili inayotoka inakupa habari ya ndani ya mguu ambayo hakuna sauti ya mashine itakayokupa.

Anza asubuhi, mashine ikiwa imelala wima usiku kucha bila kuwashwa. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwemo yanatulia chini. Legeza skrubu ya chini kidogo tu bila kuitoa na kinga kwa chupa nyeupe. Yakitoka matone ya maji kwanza, kisha oili, tayari umejua. Ukingoja hadi mashine imefanya kazi, gia zimeshakoroga vyote pamoja na utapata kitu cheupe kama tui. Hiyo nayo ni dalili ya maji hayohayo, ila yamechanganyika.

Oili ya kawaida iliyotumika huwa imekolea rangi lakini bado inapitisha mwanga kidogo. Nyeusi yenye harufu ya kuungua inasema mguu umekimbia na oili ndogo, au oili imekaa muda mrefu kupita kiasi. Sugua tone baina ya vidole viwili. Unga laini wa kijivu, hasa kwenye skrubu yenye sumaku, ni kusagika kwa kawaida kwa gia. Vipande vinavyochoma kidole, au vinavyometameta kama magamba ya samaki, ni meno ya gia au beringi zinazoanza kuvunjika. Mashine ya namna hiyo haifai kuvuka nayo Mkondo wa Pemba.

Oili ikitoka kidogo kuliko uliyoweka, nayo iliyotoka ni safi, basi inavuja kwenda nje. Tafuta alama ya oili pale mashine inapolazwa. Wengi wetu tunaivua mashine kila jioni na kuipeleka nyumbani, kwa hiyo sakafu ya pale inapolala ni mahali pazuri pa kuangalia.

Maji yanaingiaje wakati skrubu zote zimekazwa?

Ukikimbia, gia na oili hupata joto, na hewa kidogo iliyomo inatanuka. Ukizima mashine na mguu ukabaki majini, kwa mfano umetia nanga kwenye mwamba kuvua, bodi inapoa haraka. Hewa inasinyaa, na ndani ya mguu kunakuwa na mvuto. Mvuto huo ndio unaonyonya maji kupitia sehemu yoyote dhaifu. Ndiyo maana anayewasha na kuzima mara nyingi kwa siku hupata maji mapema kuliko anayekimbia moja kwa moja, hata kama uchakavu ni mmoja.

Sehemu dhaifu ni chache na zinajulikana. Baada ya gasketi mbili za skrubu kuna sili za shafti ya propela (pete zenye mdomo wa mpira unaoibana shafti), oringi, yaani pete ya mpira, ya kile kikombe kinachoshika shafti hiyo, sili za shafti ndefu inayotoka kwenye mashine, zilizo chini ya pampu ya maji, na sili ya fimbo ya kubadilishia gia. Mwisho kuna bodi yenyewe, kama imeliwa na chumvi au imepata ufa kwa kupigwa kwenye jiwe maji yakiwa yametoka.

Fundi, sili ya propela inaharibiwa na nini hasa?

Mshipi. Huku kwetu ndiyo sababu ya kwanza, na sina shaka nayo. Mshipi wa nailoni ukiingia nyuma ya propela unajizungusha kwenye shafti, unabanwa, unapata joto na kuikata midomo ya sili. Propela inaendelea kuzunguka kama kawaida na nahodha hajui kitu.

Pwani ya mashariki ya Unguja kuna jambo jingine. Kamba za mashamba ya mwani na vile vikamba vya taitai vya kufungia mwani vikikatika vinaelea, na boti zinazopita Paje, Jambiani na vijiji vya jirani huvikusanya. Pemba nako hali ni hiyohiyo kwenye maji ya mwani. Ukihisi mashine imelemewa ghafla kisha ikajiachia yenyewe, usidhani yamekwisha. Ukifika pwani toa propela.

Kazi yenyewe ni fupi. Kwanza zima mashine na uchomoe waya wa plagi, isije ikawaka mkono ukiwa kwenye propela. Kisha nyoosha kotapini, ile pini inayozuia nati isilegee, na uitoe, fungua nati, vuta propela, uangalie shafti pale inapoingia kwenye bodi. Mshipi ukiwepo utauona umejikunja kama pete. Utoe wote, hata nyuzi nyembamba. Futa shafti, pitisha ukucha juu yake mahali sili inapokaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya peke yake haitatosha, kwa sababu mdomo wake utakaa kwenye mfereji uleule. Fundi hodari huweza kuikalisha sili mpya ndani au nje kidogo ili iguse sehemu nzima ya shafti. Ukirudisha propela paka grisi ya baharini kwenye shafti na weka kotapini mpya.

Wavuvi wa dagaa wana nafasi nzuri ya kazi hii. Siku za mbalamwezi taa hazivuti dagaa na vyombo vingi vinapumzika. Zitumieni siku hizo.

Nijaze vipi oili ili hewa isibaki ndani?

Mguu uwe wima kabisa, si umeinuliwa wala umelazwa. Kama boti imekaa mchangani, chimba chini ya mguu mpaka ushuke sawasawa, au itundike mashine kwenye mti imara.

Chombo cha kukingia kikiwa tayari, toa skrubu ya chini kisha ya juu. Kama mashine imetoka kazini iache ipoe kwanza, oili ya moto inaweza kuruka. Subiri mpaka oili iishe kutiririka na usiharakishe hapo, kwani kinachobaki ndani ni kile kizito chenye uchafu.

Oili mpya inaingia kwa tundu la chini, inasukumwa kwa pampu ndogo au kwa tyubu ya oili yenye mdomo, mpaka itoke tundu la juu bila mapovu. Wako wanaomimina kutoka juu kwa bomba la sindano. Oili inakutana na hewa inayopanda, tundu la juu linafurika upesi, mtu anadhani umejaa, kumbe robo nzima ni hewa. Mashine kadhaa zimeletwa zikiwa na gia zilizoungua kwa sababu hiyo tu.

Ikishatoka juu, funga kwanza skrubu ya juu na gasketi yake mpya, huku pampu ikiwa bado chini. Juu kukifungwa, oili haishuki haraka. Hapo ndipo unatoa pampu na kuiwahi skrubu ya chini. Futa bodi yote ikauke, ili kesho ukiona unyevu wa oili ujue ni mpya.

Nikaze kwa nguvu kiasi gani?

Kwa Yamaha nyingi kipimo ni nyutonimita 9. Hiyo si nguvu kubwa. Ni bisibisi pana inayojaza mfereji wote, mkono mmoja, mpaka skrubu ikatae, halafu kidogo tu zaidi. Usitie bomba kwenye mpini. Grisi kidogo ya baharini kwenye thredi inasaidia skrubu isigande.

Oili gani, kiasi gani, na kila baada ya muda gani?

Oili ya gia namba 90. Vitabu vya Yamaha nyingi za petroli ya kuchanganya huandika SAE 90 ya daraja la GL-4. Iliyotengenezwa kwa gia za baharini ni bora, kwa sababu ina dawa za kuhimili maji kidogo na kuzuia kutu. Usitie oili ya injini wala oili ile ya kuchanganya na petroli. Mguu wa mashine ya 40 unachukua chini ya nusu lita na wa 15 unachukua pungufu ya hapo, lakini kipimo cha kweli ni oili kutoka tundu la juu.

Mashine mpya ibadilishwe oili mapema, baada ya saa 10 hadi 20 za mwanzo. Baada ya hapo ni kila saa 100 au kila miezi sita, kinachotangulia. Anayekimbia saa nne kwa siku anafikisha saa 100 kwa siku 25, kwa hiyo kwa mvuvi wa kila siku ni karibu kila mwezi. Maneno ya miezi sita yasikudanganye, hayo ni ya mtu anayetembea baharini mara moja moja.

Skrubu imeganda. Nifanye nini?

Kwanza safisha mfereji wake mpaka ubaki wazi, halafu tia bisibisi inayoenea na uigonge nyundo mara moja au mbili ukiwa umeishika imara. Mtikisiko unavunja chumvi iliyoshika. Ikikataa, mwagia bodi maji yaliyochemka. Alumini inatanuka zaidi kuliko chuma cha skrubu, na mara nyingi inaachia. Bisibisi ya kugonga, ile inayozunguka kidogo kila ikipigwa, inafanya kazi vizuri kuliko nguvu ya mkono. Moto wa gesi usikaribie mashine yenye petroli.

Thredi zikiwa zimekufa, mpelekee fundi atie helikoili, yaani thredi mpya za chuma ndani ya tundu. Kutia skrubu kubwa kwa nguvu kunapasua bodi.

Fundi atajuaje panapovuja bila kubadilisha sili zote?

Anatoa oili, anafunga tundu la chini, na kwenye tundu la juu anaunganisha pampu ya mkono yenye geji. Anajaza hewa mpaka kama kilopaskali 100. Kwa Yamaha nyingi mguu mzima unatakiwa kushikilia kiasi hicho angalau sekunde 10. Huku hewa ikiwa ndani anazungusha shafti na kutikisa fimbo ya gia, maana sili nyingine huzuia zikiwa zimetulia na kuachia zikizunguka. Kisha mguu unapakwa maji ya sabuni au unatumbukizwa kwenye pipa. Mapovu yanaonyesha mahali penyewe. Asizidishe hewa, kwani nguvu kubwa inaweza kuisukuma sili nzima ikachomoka.

Mwombe fundi akufanyie kipimo hiki mbele yako kabla na baada ya kazi. Anayeweka sili bila kupima anabahatisha, na gharama ya kubahatisha unalipa wewe.

Asubuhi nimekuta oili nyeupe na abiria wananisubiri. Niende?

Safari ya baina ya Mkokotoni na Tumbatu, bahari shwari, ukiwa umemwaga ile oili na kuweka mpya, kwa mwendo wa chini: unaweza, na jioni uifungue tena. Safari ya kuvuka kutoka Nungwi kwenda Pemba, hapana. Wakati wa kusi mkondo unakwenda kaskazini kwa nguvu, na chombo kisicho na mashine kinachukuliwa kuelekea maji ya Kenya. Abiria wakasirike, lakini wabaki salama.

Skrubu imedondoka nikiwa baharini, je?

Zima mashine na inua mguu. Ndiyo maana kile kichupa cha gasketi kiwe pia na skrubu moja ya akiba, na bisibisi pana ikae chomboni daima pamoja na chupa ya oili ya gia. Ukiwa huna, kijiti cha mti mgumu kilichochongwa na kufungwa kitambaa kinaweza kuzuia kwa muda mfupi kwa mwendo wa pole sana. Kama una tanga, tweka. Kama chombo kingine kipo karibu, omba kuvutwa. Gia zisizo na oili hazichukui muda mrefu kuungua.

Kuosha mashine kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, kunasaidia sili?

Kunasaidia pampu na njia za maji, na kunapunguza chumvi inayoila bodi karibu na skrubu. Hakubadilishi chochote kwa maji yaliyokwisha ingia ndani ya gia.

Oili chafu niimwage wapi?

Si baharini wala mchangani pwani. Itie kwenye dumu na umpelekee fundi wa gereji. Maji yetu mengi yamo ndani ya maeneo ya hifadhi, Ghuba ya Menai tangu 1997 na Mkondo wa Pemba tangu 2005, na hata pasipo hifadhi, pwezi na chaza tunaowatafuta wanakaa kwenye mwamba uleule inakofikia oili hiyo.

Nanunua mashine iliyokwisha tumika. Nitaujuaje mguu wake?

Mwambie muuzaji mapema kwamba utakwenda asubuhi na asiiwashe kabla hujafika. Legeza skrubu ya chini mbele yake na uangalie kinachotangulia kutoka. Tazama pia vichwa vya skrubu. Mifereji iliyochakaa na alama za patasi zinaonyesha jinsi ilivyokuwa ikihudumiwa. Oili ikiwa mpya kabisa na inang'aa, hiyo peke yake si habari njema, inawezekana imebadilishwa jana kwa ajili yako. Omba mtoke nayo baharini saa moja au mbili, izimwe mguu ukiwa majini mpaka upoe, kisha uirudie kesho yake asubuhi uilegeze tena ile skrubu ya chini kabla ya kulipa.